Baiskeli Yako Imefika Iyolwa

Mpendwa mume wangu,

Baiskeli yako imefika Iyolwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi nimefika. Tairi zote mbili zina upepo. Mnyororo umepakwa mafuta. Kengele inalia vilevile, inakohoa kwanza halafu ndipo unakuja mlio wenyewe. Na aliyeiendesha kutoka Busia hadi uani kwa mama yako ni mimi.

Najua hapo umecheka. Cheka tu, nakungoja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyopendana nayo. Wewe wa Padhola, mimi Msamia, na katikati yetu Kiswahili: mimi nilikisoma sekondari upande wa Kenya, wewe ulikiokota hapa mpakani kati ya malori. Siku ya kwanza nilipokuambia kwamba ningependa kukufahamu zaidi, uligeuka kuangalia nyuma, ukidhani nazungumza na mtu mwingine. Na barua hii naiacha wazi, asomaye asome. Mwaka jana nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba siku moja nitacheka bila kujiona mwizi. Sikumpata. Huenda kuna mwingine anayemtafuta sasa hivi.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikwenda kumwona mama. Makarani wenzako wa forodhani walishanunua pikipiki, wewe ukasema pikipiki humfikisha mtu kabla hajaamua kama anataka kufika. Nilikaa kwenye keria kiupande, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja kiunoni mwako, mwingine umekumbatia mfuko wa sukari na sabuni. Kwa miaka mitano niliijua barabara ile kwa ubavu wake. Asubuhi niliona mashamba ya upande mmoja, jioni tukirudi nikaona ya upande wa pili. Mbele sikupaona hata siku moja. Mbele palikuwa mgongo wako, na shati lililoanza kulowa katikati kabla hatujafika Buteba.

Na wewe hukuona kando. Ulikuwa na mashimo ya kukwepa na malori ya kupisha. Ndiyo maana kila tulipomaliza kilima uliniuliza, huku ukihema, "Upande wako kuna nini?"

Nikakusimulia. Mwanamke anapepeta mtama na kuku wake wamejipanga kama wanafunzi. Mbuzi amelala juu ya kaburi la saruji. Watoto wawili wanamwogesha mbwa asiyetaka. Siku moja nilichoka, nikasema kuna tembo. Ukafunga breki kwa nguvu hata sukari ikamwagika, na ulipogeuka ukaona ng'ombe tu, hukukasirika. Ulisema, "Bora umenisimamisha. Miguu ilikuwa imekwisha."

Kisha ukaugua wiki tatu, na wiki ya nne ukawa ardhini, nyuma ya nyumba ya mama yako, karibu na mihogo.

Sitaandika mengi kuhusu miezi iliyofuata. Watu walikuja, wakapungua, wakaacha. Nilifundisha fizikia asubuhi, jioni nikarudi kukaa na baiskeli yako sebuleni. Niliiegemeza ikitazama ukuta kwa sababu sikuweza kuvumilia usukani wake ukinielekea kama mtu anayetaka kuulizwa jambo. Tairi zikaisha upepo polepole, ya nyuma kwanza. Wewe unanijua, mimi hujifungia ndani ya kichwa changu na kuutupa ufunguo. Zamani ulikuwepo wa kugonga.

Mwezi wa sita niliikokota hadi kwa Zaituni ili niiuze. Zaituni humjui. Ana duka la vipuri vya baiskeli mtaa wa Sofia, alirithi kwa baba yake, na ni mjane kama mimi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akafunga vizuri ushungi wake.

"Hii ya nani?"

"Ya mume wangu. Marehemu."

"Mimi sinunui kitu ya marehemu kwa mtu macho bado nyekundu. Baba yangu alinikataza. Leo unauza, kesho unakuja kulia hapa dukani, wateja wanakimbia." Alikuwa ameshachuchumaa anabonyeza tairi. "Naweka upepo. Unajua kuendesha?"

"Hapana. Lakini nafundisha fizikia."

Bado ananitania kwa jibu hilo. Lakini nilisema kweli: kila mwaka huchora baiskeli ubaoni na mishale ya nguvu, huu wa uzito, huu wa msuguano, na kuwaeleza wanafunzi kwa nini inayokwenda haianguki. Zaituni alisikiliza maelezo yote hayo hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Akasema, "Sasa mwalimu, shuka kwa ubao, panda hapa."

Alinifundisha Jumapili asubuhi katika uwanja wa mpira, mimi nimevaa suruali yako ya kazi ndani ya kitenge. Mwenyewe anaendesha tangu utotoni, baba yake alimtumia kujaribu baiskeli mpya kabla hazijauzwa. Alikimbia nyuma yangu ameshika keria, buibui limekunjwa hadi magotini, akipiga kelele: "Angalia mbele! Mbele! Chini kuna nini, umeangusha kitu?" Niligundua kwamba sijui kuangalia mbele. Shingo yangu yenyewe iligeuka kushoto, kama niko kwenye keria. Na baiskeli huenda anakoangalia mwendeshaji, hilo halimo katika mishale yangu ya ubaoni. Niliingia kwenye ua la michongoma mara tatu, zote mkono wa kushoto.

Jumapili ya tano nilijiona nimeiva. Niliondoka uwanjani bila ruhusa ya mwalimu wangu nikafuata kijia kinachoshuka nyuma ya maduka. Wewe unakijua kijia kile na unajua kinaishia wapi. Mimi pia nilijua, lakini miguu haikujua. Mteremko ulinichukua. Breki ya nyuma haikutosha, na ya mbele nilikataa kuibana kwa sababu akilini nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mahali kiwiliwili changu kingeruka. Nikavuka mtaro. Nikavuka yale mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Niliingia Kenya bila kitambulisho, bila kiatu kimoja, kilichobaki Uganda, nikaenda kusimama katikati ya turubai la omena walioanikwa juani.

Mwenye omena alikuwa amesimama na fagio mkononi.

"Na wewe umetoka wapi na hiyo mbio yote?"

"Uganda," nikasema, nikiwa nimekaa juu ya samaki wake.

"Uganda! Na kengele si unayo hapo? Si ungepiga tujue mgeni anakuja?"

Jina lake ni Nekesa. Sauti yake unaweza kuisikia kutoka nchi mbili. Alinisimamisha, akakagua magoti yangu, akaipangusa baiskeli kabla ya kunipangusa mimi, akaniuliza kazi yangu, kisha akanikabidhi ungo. "Ticha, hapa hakuna pole tupu. Omena yangu imeshika mchanga, tutachambua." Nilikaa naye mchana kutwa. Omena na mchanga huwezi kuvitenganisha kwa haraka. Unapeta kidogo, unapuliza, unaokota kokoto kwa kucha, unaanza tena. Zaituni alifika amebeba kiatu changu, amefura kwa hasira, na badala ya kunigombeza akaketi, naye akavuta ungo. Vichwa vyetu vitatu vilikuwa karibu karibu juu ya samaki wale, na Nekesa akaeleza kisa changu kwa kila mteja aliyepita, na kila mara baiskeli ilikuwa inakwenda kasi zaidi. Kwa mteja wa mwisho niliruka juu ya paa la choo.

Nilicheka, mume wangu. Nilicheka hadi nikashika mbavu, na kicheko kilipoisha nikangoja ile aibu ije, aibu ya kucheka na wewe uko chini ya udongo. Ilikuja, ndiyo. Lakini ilikuja imechelewa, ikanikuta nina kazi mikononi.

Tangu siku ile Jumapili ni yetu. Nekesa akitoka kanisani huvuka kwa njia halali, anasisitiza neno hilo akinitazama, na sisi tunamngoja. Nimefanya mambo ambayo ungeyakataa kwamba ni mimi. Nimeziba pancha kwa mikono yangu. Mwezi wa Ramadhani nilijaribu kufunga siku moja ili nifuturu na Zaituni kwa haki. Saa nane mchana wanafunzi wakanikuta nimelala juu ya rundo la madaftari. Nilifuturu hivyohivyo, Zaituni akasema Mungu ameona jitihada, na tambi zake za sukari nilizokula hadi leo nazikumbuka. Nimemfundisha Nekesa kusoma ujumbe wa simu bila kupayuka. Hilo halijafaulu.

Kisha mama yako akapiga simu.

Mwaka ulikuwa unatimia. Alisema, kwa Kidhopadhola cha polepole anachoniwekea mimi, kwamba siku ya kumaliza matanga vitu vyako virudi nyumbani: koti, kiti chako cha kukunja, na baiskeli. Mdogo wako Oketcho angekuja kuvichukua na gari la rafiki yake. Nilijua mila. Vitu vya mwanamume hurudi kwao vikagawiwa, na baiskeli huenda kwa ndugu. Sikuwa na la kubisha. Lakini nilipokata simu nilikaa chini sakafuni. Wewe na mimi hatukujaliwa mtoto. Nisipokuwa na baiskeli, na wao wasipokuwa na kitu chao kwangu, nani angenihesabu tena kuwa mtu wa Iyolwa? Na ningewezaje kurudi kwenye keria ya mtu mwingine, nitazame kando tena, baada ya kuonja mbele?

Nekesa alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza. "Ificheni. Ilete kwangu, tuivushe. Wakiuliza, sema iko nje ya nchi. Si uongo!"

"Wewe usimfundishe wizi," Zaituni akasema.

"Wizi gani na yeye ndiye mke?"

"Mwalimu, sikiza mimi. Hiyo baiskeli usifiche, na Oketcho asiweke kwa gari. Wewe unapeleka. Unaendesha mpaka kwa mama mkwe, wakuone. Halafu wakichukua, wamechukua kwa mtu walimwona."

Kwa hiyo nikampigia Oketcho kwamba asije. Koti nililikunja, kiti nikakifunga kwenye keria kwa mpira.

Walinisindikiza hadi Buteba. Zaituni aliendesha baiskeli yake, Nekesa akiwa nyuma yake kama gunia la mahindi lenye maoni, akiimba nyimbo za kwaya na kuwaamuru madereva wa malori wapunguze mwendo. Pale Buteba wakasimama. Zaituni alibonyeza tairi zangu zote mbili, jinsi alivyozibonyeza siku ya kwanza. Nekesa alinipa mfuko wa omena kwa ajili ya mama. "Mwambie hawa hawajakaliwa na mtu," alisema, na hapo ndipo sauti yake ikapungua.

Nikaenda peke yangu.

Sasa nikuambie ulichokuwa unakiona, ili ujue kwamba nimekiona. Kumbe barabara ile haitulii. Inapanda kidogo kidogo bila kujitangaza, na mapaja ndiyo yanayojua. Kumbe mwamba wa Tororo uko mbele yako muda wote. Mimi niliuona kwenye kona tu, nusu, ukijificha nyuma ya bega lako. Wewe ulikuwa nao usoni kila Jumamosi, mkubwa, umekaa peke yake, na hukuwahi kuniambia. Nilikukasirikia kwa umbali wa kilima kizima. Kisha nikafikiri: pengine hukuniambia kwa sababu ulidhani mtu yeyote anauona. Nami sikukuuliza hata siku moja mbele kuna nini. Wewe uliuliza upande wangu kila safari. Mimi wa kwako, sikuuliza. Nisamehe kwa hilo. Nimelibeba hadi pale tunapokata kushoto kuelekea Iyolwa, na kwenye vumbi lile jekundu nikalitua.

Nilipofika kwenye mgomba wa mwisho nilipiga kengele. Kidole kilijipeleka chenyewe. Wewe hupiga pale siku zote, mara mbili.

Mama alitoka jikoni mbio. Mikono imejaa unga, kitambaa kimeanguka begani, anakimbia kama msichana. Alifika katikati ya ua, akaniona, akasimama.

Sikujua kengele ingefanya hivyo. Nakuapia sikujua. Nilishuka nikasimama nimeshika usukani, na sisi wawili tukatazamana, na sote tulijua ni nani aliyekuwa amemkimbilia. Alilia kidogo. Akajifuta kwa kiwiko, unga ukabaki kwenye nyusi.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Nimejileta, mama."

"Kutoka Busia?"

"Kutoka Busia."

Alizunguka baiskeli mara moja, kisha akanizunguka mimi. "Na hii suruali si ya mwanangu?"

"Ndiyo yake."

"Hiyo hawakuitaja kwenye vitu," akasema, akaingia ndani na mfuko wa omena.

Wazee walikuja, dua zikaombwa, tukala. Baada ya chakula Oketcho alikuwa ameshainua kiti cha baiskeli kwa kimo chake, bila ubaya wowote, kama mtu anayevaa kofia iliyonunuliwa kwa ajili yake. Nilitazama mihogo. Nilijiambia kwamba nimekwisha kuonwa, inatosha. Haikutosha. Nilitaka kuirukia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako cha kukunja. "Oketcho," akaita. "Una pikipiki?"

"Ninayo, mama."

"Mwaka huu umenipeleka kanisani mara ngapi?"

Oketcho akatazama kengele.

"Magoti yangu yananiuma tangu mavuno. Kila Jumapili nasikia pikipiki yako inapita pale njiani, inakwenda." Akanyanyuka kwa kushika mkono wangu. "Binti yangu, unaweza kubeba mtu?"

Nilikuwa nimembeba Nekesa uwanjani mara mbili, nami nikaona aliyembeba Nekesa hashindwi na mtu. Nikasema naweza. Nikakishusha kiti kwa kimo changu mbele ya wazee wa ukoo wote. Mama akapanda kiupande, miguu yote miwili kushoto, akanishika kiuno. Oketcho mwenyewe alitusukuma tuanze.

Tulikwenda hadi kanisani na kurudi, polepole sana. Ni mwepesi, mama yako. Nikahema, nikakwepa shimo, na tulipomaliza kilima nikasikia kinywa changu kinauliza, "Mama, upande wako kuna nini?"

Aligeuza shingo kutazama mashamba. Kisha akaanza. Nyumba ya fulani imeezekwa bati jipya. Mtama wa jirani umepigwa na ndege. Kuna msichana anasuka nywele za mwenzake, wote wamelala usingizi. Alisimulia mpaka uani, akawa hataki kushuka.

Aliposhuka alisema mbele ya wote: "Mila inataka vitu virudi nyumbani. Vimerudi, nimeviona. Koti achukue Oketcho, baridi ya pikipiki isimuume. Kiti nimekikalia, ni changu. Baiskeli inakwenda na huyu. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi inarudi hapa kunichukua." Mzee mmoja akaguna kuhusu taratibu. Mama akamwuliza kama angependa kupelekwa kanisani na yeye. Wakacheka, na hivyo ndivyo lilivyoamuliwa.

Oketcho alinifunga mkungu wa ndizi kwenye keria. Akasema, "Shemeji, breki yako ya mbele iko sawa, mbona huitumii?" Nimeahidi kujifunza.

Kwa hiyo mimi ni mzima. Sitakudanganya kwamba nimepona, kwa sababu sikuwa na homa, nilikuwa na wewe. Lakini nina Jumapili zenye kelele, zenye rafiki mmoja wa ushungi na mwingine wa fagio, na nina Jumamosi moja yenye mama yako ndani yake. Zaituni amesema Januari tutapanda ule mwamba wa Tororo, ngazi kwa ngazi, watatu. Nekesa amesema atapanda iwapo tu kuna chakula juu. Nikifika kileleni nitakutafutia barabara yetu kwa macho.

Ni hayo tu kwa leo. Nje kuna jua, baiskeli iko mlangoni, nimeigeuza itazame barabara. Kabla sijaweka kalamu chini, naomba unijibu kwa njia yoyote unayoiweza, huko uliko, sasa hivi ambapo huna mashimo ya kukwepa wala malori ya kupisha.

Upande wako kuna nini?

Ni mimi, mkeo,
niliyekuwa nyuma yako